Bomba la Moshi la Mjomba

Mji wa Kale wa Mombasa ni mji wa masikio. Mgeni auingiaye kwa mara ya kwanza huinua macho kutazama roshani za mbao na milango ya nakshi, nao ni utazamaji wa haki, kwani waliozichonga walitaka zitazamwe. Lakini sisi tuliokulia humo huujua mji kwa sauti. Adhana ya alfajiri hutoka misikiti mingi, kila mmoja ukimtangulia mwenziwe kwa pumzi chache. Baada yake husikika makubazi ya wanaume vichochoroni. Kisha huja mlio wa vikombe vya muuza kahawa, avigonganishavyo kiganjani huku dele lake likining'inia mkono wa pili. Kuta za mawe ya matumbawe zi karibu karibu, hata pengine jirani wa ghorofani aweza kumpa jirani wa ng'ambo ya njia kibiriti mkono kwa mkono. Njia nyembamba namna hiyo haipotezi sauti. Huirusha kutoka ukuta hadi ukuta mpaka imfikie kila aliye ndani, mzima na mgonjwa, aliyeitaka na asiyeitaka.

Nayataja haya kwanza kwa kuwa kisa nitakachosimulia ni kisa cha sauti, na cha chombo kilichoundwa ili sauti isizidi. Chombo hicho ni bomba la moshi la pikipiki, ambalo wengi petu huliita ekzosi.

Mwaka 2013 nilimaliza mtihani wa kidato cha nne. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, nami nikikaa Kibokoni kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyenilea tangu utoto. Mjomba alikuwa mwendesha bodaboda. Kituo chake kilikuwa Ngomeni, mbele ya Fort Jesus, boma ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, na abiria wake walikuwa watu wa kila namna: watalii wachache, makarani, wanafunzi, na akina mama waendao Marikiti. Msomaji huenda ajua kwamba jina la bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilikuja nyuma, na baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008 kwa pikipiki ndogo, zilizagaa kila mahali. Mjomba alikuwa miongoni mwa walionunua mapema. Kwa pikipiki ile moja, iliyotengenezwa India, ya silinda moja ya sentimita 150 za ujazo, tulikula, tukavaa, nami nikalipiwa karo.

Mwezi wa Disemba bomba lake la moshi lilitoboka. Wakati huo niliamini kwamba lililiwa na chumvi ya bahari, na kweli chumvi ilikuwa na sehemu yake; lakini bomba la pikipiki huoza zaidi kwa ndani kuliko kwa nje. Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli huzaa maji yakaribiayo lita moja, nayo hutoka kama mvuke pamoja na moshi. Pikipiki iendayo safari ndefu hulikausha bomba lake kwa joto. Ile iendayo Ngomeni hadi Marikiti na kurudi, ikizimwa na kuwashwa mara arobaini kwa siku, bomba lake halipati joto la kutosha. Maji hubaki chini, yakachanganyika na asidi za moshi, yakaila chuma polepole kama mchwa alavyo nguzo.

Mjomba akanipa shilingi 5,000. Shilingi 4,500 zilikuwa za bomba jipya la aina ile ile ya kwanza, na 500 zilikuwa ujira wa fundi. Mwenyewe alikuwa na homa siku hiyo, akaniambia, "Mwanangu, nenda wewe. Umesoma fizikia. Hutadanganywa."

Sikudanganywa. Nilidanganya.

Dukani palikuwa na bomba la aina niliyotumwa, jeusi, nene, lisilo na uzuri wowote. Kando yake palining'inia jingine la bei ya shilingi 3,800, jembamba, linalong'aa kama kioo, mkia wake umeinuka juu kama mkia wa paa. Halikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki ya Mjomba hasa, bali kwa pikipiki yoyote ya ukubwa huo, na kitu kilichokusudiwa kumkaa kila mtu aghalabu humpwaya kila mtu. Sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba vijana wa Majengo walikuwa na mabomba kama yale, na kwamba walipopita wasichana waligeuka kutazama. Kama waligeuka kwa kupendezwa au kwa kukereka, sikuuliza. Nikalinunua. Ujira wa fundi nao nikautia mfukoni, nikaazimia kulifunga mwenyewe. Zilinibakia shilingi 1,200, na kabla sijafika nyumbani nilikwisha toa 400 kununua miwani ya jua. Mjomba nilimwambia kwamba bomba la kwanza lilikuwa limekwisha dukani, na kwamba fundi alikuwa na kazi nyingi. Uongo mbili kwa pumzi moja.

Ndani ya mkia wa bomba lile palikuwa na kibomba kidogo chenye matundu mengi kama chujio, kimeshikwa kwa parafujo moja. Hicho ndicho kizuizi cha sauti. Niliifungua parafujo, nikakichomoa kizuizi, nikakificha katika sanduku la viatu chini ya kitanda changu. Hapo yafaa nieleze nilichokichomoa, kwani nilikichomoa pasipo kukijua.

Injini ya namna ile hupasua moto mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupasua mara 1,500, yaani mara 25 kwa kila sekunde. Kila mpasuko husukuma wimbi la hewa moto nje ya silinda, na lau wimbi hilo lingetoka moja kwa moja, sikio lingelipokea kama bunduki zifuatanazo. Ndugu wawili wa Indiana huko Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipewa hataza ya kizimasauti cha injini mwaka 1897, na kanuni yake ni ile ile hata leo. Moshi hupitishwa katika vyumba na matundu. Wimbi moja hugonga ukuta likarudi, likakutana na jingine linalokuja. Kilele cha moja kikaangukia bonde la mwenziwe, na yote mawili yakapungua nguvu. Nami kwa bisibisi ya shilingi hamsini niliiondoa kazi hiyo yote.

Nililifunga bomba uani, chini ya kamba ya nguo. Naeleza namna nilivyofunga ili msomaji aone kosa lilipoingia. Bomba la moshi hushikwa mahali pawili: mbele, kwenye kichwa cha silinda, kwa nati mbili zilizovaa parafujo zilizopandwa humo, na nyuma, kwenye mwili wa pikipiki, kwa bolti moja nene. Nilianza na la nyuma kwa kuwa lilikuwa jepesi kufikiwa. Nikalikaza kwa nguvu zangu zote. Nilipokuja mbele nikaona mdomo wa bomba umekaa mbali na kichwa cha silinda kwa upana wa kidole. Sikurudi nyuma kulegeza. Nilitia nati, nikaanza kulivuta bomba kwa spana namba 10, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikiona jinsi linavyokubali kusogea. Chuma kikikubali namna hiyo huwa kinaweka kisasi. Nati ya kwanza ilifika. Ya pili ilipokaribia kufika, nikasikia mlio mdogo, tik, kama wa ukucha ukikatwa, na spana ikawa nyepesi mkononi. Parafujo ilikuwa imekatika.

Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama. Kichwa cha silinda ni cha alumini na parafujo ni ya chuma cha pua ngumu, na kipande kilichobaki kilichomoza kwa kiasi cha punje ya mchele. Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nilichukua waya wa kufungia makuti, nikauzungusha mara sita, nikaupaka masizi ili usionekane.

Pikipiki ikawaka. Ilinguruma hata kuku wa jirani wakaruka juu ya tangi la maji. Mjomba alitoka ndani amejifunika shuka, akasikiliza, akasema, "Ina sauti kubwa." Nikamjibu kwamba mabomba mapya yote huanza hivyo, kisha hutulia. Hiyo ikawa uongo wa tatu.

Siku ya kwanza hapakuwa na neno. Siku ya pili pikipiki ilianza kupiga mibaruti kila Mjomba alipoachia mafuta, hasa akiteremka kuelekea kivuko cha Likoni. Siku ya tatu ilipoteza nguvu. Pikipiki iliyokuwa ikipanda Daraja la Nyali na abiria wawili wanene sasa ilipanda na mmoja mwembamba, tena kwa kusihiwa. Injini ilipata joto hata Mjomba akawa akisimama kivulini baada ya kila safari, naye abiria akisubiri hupotea. Pato la siku likashuka. Hakunilaumu. Alidhani pikipiki imezeeka, akaanza kusema juu ya kuiuza kabla haijafa mikononi mwake.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Ghorofani mkabala na chumba changu alikaa mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa muda mrefu, na dirisha lake lilifunguka juu ya njia yetu. Mjomba alizoea kutoka saa kumi na nusu alfajiri. Zamani aliiwasha pikipiki mlangoni, ikaondoka kwa mngurumo wa chini kama mtu akohoae kwa adabu. Baada ya bomba langu, asubuhi ya kwanza kilio cha mtoto kilisikika nyumba ya tatu na laana nyumba ya nne. Asubuhi ya pili niliamka saa ile ile nikangoja mngurumo, nao haukuja. Nikachungulia. Mjomba, ambaye homa haikuwa imemtoka vizuri, alikuwa ameishika pikipiki kwa usukani, akiisukuma gizani. Aliisukuma njia nzima, akapita kona, akaendelea mpaka Ndia Kuu. Na huko mbali, baada ya muda uliotosha mtu kutia udhu, ndipo nikaisikia ikiwaka. Alifanya hivyo asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Mimi nililala kitandani, na chini ya kitanda lilikuwa sanduku la viatu.

Kenya ina kanuni za kuzuia kelele na mtetemo uliopita kiasi, zilizotolewa mwaka 2009. Sidhani kwamba Mjomba alipata kuzisikia.

Siku ya sita akaungua mtu. Palikuwa na mama mmoja wa Kibokoni aliyekaanga mahamri ya kuuza, na Mjomba ndiye aliyempakia kila alfajiri kwenda kuchukua unga na nazi. Alikaa ubavu kwa heshima ya buibui lake, miguu upande wa kushoto. Siku ile Mjomba alisimama ukuta ukiwa kushoto, na mama akashuka kwa kulia. Bomba la zamani lilikuwa na bati la kukinga joto. Bomba langu zuri halikuwa nalo. Muundi wa mama ulilala juu ya chuma kitupu kwa muda usiozidi kupepesa jicho, na ngozi ikabaki humo. Watu wakaja na dawa ya meno, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Moto huponywa na maji. Jeraha hutiwa chini ya maji baridi yatiririkayo kwa dakika ishirini, wala halipakwi kitu mpaka lionwe na mganga. Binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi, alifika akayafanya hayo huku akiwafukuza wenye dawa ya meno. Kwa siku nyingi mama yule hakuweza kufuata unga, na Mjomba akapoteza abiria aliyekuwa nguzo ya asubuhi yake.

Jioni ile nilimwomba Mjomba ruhusa niichukue pikipiki. Hakuniuliza kwa nini. Niliisukuma mpaka Bondeni kwa fundi mzee ambaye karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati na mwembe mmoja. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," pasipo kuinua kichwa. Nikamwambia pikipiki ina kabureta mbovu.

"Nani amekuambia ni kabureta?"

"Nadhani, Fundi."

"Basi usidhani. Niambie ilianza lini, na siku hiyo kitu gani kilibadilishwa."

Nikamwambia kuhusu bomba. Waya sikuutaja, wala kizuizi. Fundi hakushika spana. Aliitoa pikipiki nje ya kibanda, maana, alisema, moshi wa petroli una hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua mtu akiwa amekaa kitako. Kisha akatia sabuni ya kufulia katika kikombe cha maji, akakoroga kwa brashi ya kunyolea. Aliniagiza niwashe injini ingali baridi. Yeye akakunja kitambaa kizito, akauziba mkia wa bomba nusu, ili moshi ukose njia pana na utafute nyufa. Mara nikaisikia sauti nyingine kando ya ile kubwa, sauti ya nyoka, pale mbele. Akapaka maji ya sabuni kuzunguka maungio, na mapovu yakafumka upande mmoja kama chungu cha wali. Chini ya mapovu masizi meusi yalikuwa yamekwisha chora njia juu ya mapezi ya silinda. Njia ile ilikuwa hapo tangu siku ya pili, nami nilipoiosha pikipiki niliiona, nikaifuta.

"Hapa ndipo baruti zinapotoka," akasema. Akanieleza kwamba dereva akiachia mafuta, injini huvuta pumzi katika bomba, na tundu dogo kama lile huingiza hewa mpya. Petroli kidogo isiyoungua ikikutana na hewa hiyo ndani ya chuma chenye moto, hulipuka humo humo. Watu husikia mlipuko mkiani, wakautafuta ugonjwa mkiani.

Alipolegeza nati akauona waya. Alinitazama mara moja, asiseme neno, akaukata. Bomba liliposhuka akachukua msumari uliopindwa ncha, akaanza kukwangua ndani ya tundu la kichwa cha silinda. Nikadhani anatoa masizi. Akatoa pete ya shaba, imepondeka, nyeusi kabisa, imeshikamana na alumini hata jicho haliwezi kuitenga. Ilikuwa pete ya bomba la kwanza. Maungio hayo huwekwa pete laini ya shaba ili ipondeke na kuziba nafasi. Nayo hutumika mara moja. Mimi nilikuwa nimeweka pete mpya juu ya ile iliyokufa, na mbili hazikukaa sawa.

Kuhusu parafujo iliyokatika nilitazamia atobolee kwa keekee. Hakufanya hivyo. Alimwita kijana wa kuchomea wa kibanda cha pili. Wakaweka nati juu ya kile kipande kama punje ya mchele, kijana akaijaza nati kwa chuma cha moto mpaka vikawa kitu kimoja, na alumini iliyokizunguka haikushikana nacho kwa kuwa metali hizo hazipatani. Fundi akangoja hadi wekundu ukatoka, akatia spana, akazungusha kwa kidole kimoja na gumba. Ikatoka. Joto lilikuwa limekwisha ivunja kutu.

Tena akalifunga bomba mbele yangu. Kila nati na bolti, ya mbele na ya nyuma, aliitia kwa vidole, zote zikilegea, bomba likichezacheza kama jino la mtoto. Akalitikisa, akaliacha litafute makao yake. Nyuma, mahali pa bolti, ikaonekana nafasi ya unene wa shilingi tatu. Akaijaza kwa washa. Ndipo akakaza za mbele, nusu mzunguko hii, nusu mzunguko ile. Bolti ya nyuma ikawa ya mwisho. "Ukianza nyuma," akasema, "bomba huwa mateka. Injini hutetemeka mchana kutwa, na mateka huvunja kilicho dhaifu."

Tuliiwasha. Nyoka alikuwa amenyamaza. Nikafurahi, nikatia mkono mfukoni nilipe.

"Bado," akasema Fundi. Akaiendesha mpaka Makupa na kurudi, akaizima, akafungua plagi, akanipa niitazame. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli imezidi, na nyeupe huonyesha hewa imezidi, na hewa ikizidi joto hupanda mpaka siku moja pistoni iyeyuke. "Bomba hili lapumua kupita kiasi. Ama nitie katika kabureta jeti kubwa zaidi, na mjomba wako alipe petroli zaidi kila siku ya maisha yake. Ama lirudishiwe koo lake." Akatia kidole mkiani mwa bomba, akagusa lile tundu la parafujo. "Palikuwa na kitu hapa. Kiko wapi?"

Nikasema, "Sijui, Fundi. Huenda hakikuwamo dukani."

Alichukua kitambaa, akapangusa pale penye tundu, akauelekeza mkia wa bomba kwangu. Mikwaruzo ya bisibisi ilikuwa mipya, inang'aa. Hakusema kitu. Alikaa juu ya kigogo chini ya mwembe, akamimina kahawa vikombe viwili, akanisogezea kimoja.

Nikamwambia yote, ya duka, ya fundi asiyekuwako, ya sanduku la viatu. Alisikiliza kama alivyoisikiliza injini, uso ukiwa upande. Nilipokwisha akasema, "Nenda kakilete. Na lile bomba la zamani, kama halijatupwa, lilete pia."

Nilikimbia. Bati la kukinga joto la bomba la zamani lilikuwa zima ingawa bomba lenyewe limekwisha. Fundi akalifunga juu ya jipya kwa bangili mbili za chuma. Kizuizi kikarudi koo­ni, na parafujo yake akaikaza mwenyewe. Saa mbili usiku pikipiki iliwaka kwa sauti ya mtu mzima. Haikuwa kimya kama zamani, lakini iliweza kuvumiliwa. Kazi yote ikafika shilingi 800, pamoja na ya kijana wa kuchomea, na ndizo hasa nilizokuwa nazo.

Mjomba alikuwa amekaa barazani. Nilizima injini kona, nikaisukuma mpaka mlangoni, nikasimama. Nilimweleza habari ile kwa utaratibu ule ule niliomweleza Fundi, isipokuwa mara hii sauti yangu haikunitii. Nilipofika penye shilingi 400 nikatoa miwani, nikaiweka barazani kando yake, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine.

Aliishika, akaigeuza, akaivaa ingawa ulikuwa usiku. Ilimkaa vibaya. "Barabara ya Likoni ina vumbi jingi siku hizi za kaskazi," akasema. "Itanifaa." Baada ya kitambo akauliza, "Yule mama umekwenda kumwona?"

"Bado, Mjomba."

"Kesho."

Nilikwenda. Mama wa mahamri alikuwa amenyosha mguu juu ya mto, kitambaa cheupe muundini. Hakupaza sauti. Alisema mguu utapona, lakini wateja wake wa chai ya asubuhi wamekwisha zoea mahamri ya mwingine, na mteja akizoea pengine harudi kwa kuitwa. Nikamwomba aniruhusu nimletee unga mpaka atakapoweza kutembea. Akanitazama kutoka utosini hadi miguuni. "Unga ni mzito," akasema, "na huchukuliwa saa kumi na moja." Niliuchukua siku kumi na tisa, begani, kwa miguu. Siku ya ishirini nilimkuta amekaa nyuma ya pikipiki ya Mjomba, buibui limekunjwa vizuri, miguu upande wa kushoto, naye akanipungia kwa vidole viwili.

Lakini nirudi kwenye asubuhi ile ya kwanza baada ya matengenezo. Saa kumi na nusu nilikuwa macho, nikingoja kuisikia pikipiki ikiwaka mlangoni kama zamani. Haikuwaka. Nikasikia tairi likisaga changarawe, na makubazi. Nikashuka ngazi kwa haraka, nikamkuta Mjomba amekwisha ipitisha kizingiti.

"Mjomba, imetulia sasa," nikanong'ona. "Fundi ameitengeneza. Iwashe tu."

Alielekeza kidevu juu, kwenye dirisha la mkabala, ambamo taa ilikuwa inawaka. "Amekohoa tangu saa nane. Sasa hivi ndiyo kwanza amelala."

Nikapita nyuma, nikaweka mikono juu ya kiti. Yeye akashika usukani. Tukaisukuma pamoja mpaka Ndia Kuu.